Rambirambi za Kiboko

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa bonde.
— Likachanua!
Bondeni pakawa vita.
— Vikatuua!
Na vilipokuwa vikituua?
— Wapo vilowafaa!

Wapo vilowafaa, enyi mlioketi, tena wakanenepa. Basi tulieni. Mwenye kikohozi na akohoe sasa, kwa maana nikianza sisimami, na leo sikuja kumbembeleza mtu usingizi.

Hapo kale palikuwa na bonde lililokatwa na mto. Ng'ambo ya huku waliishi nyumbu na swala, ngiri na kobe, digidigi na nguchiro. Ng'ambo ya pili waliishi Mbwa Mwitu. Kati yao palikuwa na kivuko, na kwa ajili ya kivuko hicho walipigana vita. Nani alirusha jiwe la kwanza? Waliojua walikuwa wamekwisha kufa. Waliobaki walijua kurusha tu.

Huku bondeni palikuwa na Jabali la Chumvi, jeupe, kubwa, lililolambwa na mababu mpaka likaingia mashimo ya ndimi zao. Nyumbu alilamba. Pundamilia alilamba. Mama mwenye kunyonyesha alilamba, na maziwa yakashuka. Halikuwa la mtu, ndiyo maana lilikuwa la watu wote.

Na palikuwa na Kiboko. Huyu ndiye aliyekuwa Mkuu wa Baraza la Vita. Walimchagua kwa sababu ya mdomo wake: akiupanua, kwaaa! hata jua lilionekana kurudi nyuma. Yeye ndiye aliyewaita vijana waende kivukoni. Yeye ndiye aliyepokea wajumbe. Na yeye peke yake, kwa sheria ya bonde, ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kusema, "Vita vimekwisha."

Siku moja, vuuu... pwaa! Akatua mgeni. Alikuwa Tumbusi, ametoka nyuma ya milima, amevaa joho jeusi la manyoya, na kichwani, kwa maana zamani alikuwa nacho, kilemba cheupe cha manyoya laini.

"Mimi ni mwekezaji," alisema Tumbusi, akiinama mpaka mdomo ukagusa udongo. "Nimepita juu ya nchi yenu, nimeona mnavyoteseka, moyo ukaniuma. Nitawaletea mikuki ya chuma. Mimi sitaki kitu. Nitawatunzia jabali tu."

Nani aliulizwa? Hakuulizwa mtu. Kiboko na Tumbusi waliingia mateteni, wakanong'ona, na Kiboko alipotoka alipanua mdomo: kwaaa!

"Ndugu wananchi! Jabali limepata mwekezaji. Kulamba, mtalamba vita vikiisha."

"Vitaisha lini, Mkuu?" wakauliza akina mama.

"Bado kidogo. Vita ni vita. Kazeni mikanda."

Wakakaza mikanda.

Mikuki ikaja kweli, michache, butu, ya kupinda ikigusa mfupa. Vijana wakaenda nayo kivukoni. Wengine walirudi. Na wale wasiorudi, Tumbusi aliwashukia pale pale majini, kwa madai kwamba anasafisha mazingira.

Mvua za vuli zikapita. Akina mama wakaenda tena kwa Kiboko.

"Mkuu, maziwa yamekauka. Vita vitaisha lini?"

"Bado kidogo. Vita ni vita. Kazeni mikanda."

Wakakaza mikanda, ingawa sasa mkanda ulikuwa umefika kwenye uti wa mgongo.

Masika yakaja, mto ukajaa. Masika hayo Bi Digidigi alipoteza watoto wawili kivukoni, Kwato na Wepesi. Kwato alichomwa mkuki. Wepesi alirudi majini kumvuta nduguye, naye hakutoka. Mama yao hakupata hata ukwato wa kuzika, kwa kuwa msafishaji alikuwa amekwisha kusafisha. Akabaki na mmoja, wa mwisho, jina lake Kitinda.

Kiangazi kikaingia, na Kiboko akaita baraza. Alisimama jukwaani akilia juu ya mashujaa, hu, hu, hu! Lakini Nguchiro alikuwa ameketi safu ya mbele.

Niwaeleze huyu Nguchiro. Ni mdogo, ukimwona nyasini utadhani ni mkia wa mtu mwingine. Ila ukoo wake na ukoo wa Kiboko walikuwa watani tangu enzi za mababu, na nyinyi mnajua utani ulivyo. Mtani humtukana mtani wake, na mtukanwa hucheka. Mtani huingia jikoni akachukua chungu. Na ukifiwa, mtani ndiye msimamizi wa msiba: humwiga marehemu, hulala kaburini akakataa kutoka mpaka apewe chake. Hakasirikiwi. Anayemkasirikia mtani hana ukoo.

Basi Nguchiro akapaza sauti: "Mtani wangu mnene! Mbona midomo yako imekuwa myeupe?"

Watu wakatazama. Midomo ya Kiboko ilikuwa na utando mweupe, mkavu, uliopasuka pembeni.

"Ni povu," akasema Kiboko. "Povu la uchungu wa nchi."

"Lo! Uchungu wa nchi una ladha gani, mtani? Hebu niulambe kidogo!"

Watu wakacheka, kwa sababu ni utani. Kiboko naye akacheka, kwa sababu ni utani. Lakini alijipangusa. Kisha akatangaza majina ya vijana watakaokwenda kivukoni keshokutwa, na jina la kwanza lilikuwa Kitinda.

Bi Digidigi hakulia. Alitoka barazani kwa miguu yake minne myembamba, akamfuata Nguchiro hadi kwenye kichuguu chake.

"Kaka Nguchiro, wewe unaruhusiwa kusema."

"Naruhusiwa kuchekesha, dada. Siyo kitu kimoja."

"Nimewazika wawili bila kaburi. Huyu wa tatu simtoi. Mchekeshe basi mtani wako mpaka amwache mwanangu."

Nguchiro akakuna sikio, kwarakwara. Akakuna la pili, kwarakwara.

"Huyo hachekeshwi, dada," akasema. "Huyo hushibishwa. Nenda kachimbe shimo."

"Kubwa kiasi gani?"

"Lake."

Nguchiro akaenda mtoni. Kiboko alikuwa amelala matopeni, tumbo juu.

"Hodi, kapu la udongo!"

"Karibu, uzi wa viatu! Umekuja kuomba?"

"Nimekuja kukuonea huruma, mtani. Watu wanakuficha. Nimepita nyumba kwa nyumba: matikiti yapo chini ya vitanda, majani mabichi yapo darini. Wewe unaongoza vita kwa njaa!"

Kiboko akaketi, puu! "Matikiti? Wakati nimewatoza kila kitu?"

"Kodi watu huikwepa, mtani. Kuna kitu kimoja tu ambacho mtu wa bonde hili hakikwepi hata akiwa na tonge moja ndani. Unakijua?"

"Kipi?"

"Rambirambi."

Mate yakamdondoka Kiboko, to! to!

"Lakini aliyekufa nani?"

"Bado hajafa. Lakini akifa Mkuu wa Baraza la Vita, shujaa, baba wa nchi, je, watamletea nini? Utalala kidogo tu, mtani. Watalia, wataleta, watarundika. Kisha utafufuka, useme mizimu imekurudisha uendelee kutuongoza. Nani atampinga mkuu aliyerudishwa na mizimu? Utatawala mpaka mto ukauke!"

Kiboko akafikiri. Kufikiri kwake kulikuwa kwa tumbo, nalo likajibu upesi, gurrr.

"Na msimamizi wa msiba ni nani?"

"Mimi, mtani wako. Nani mwingine? Ila sharti ni moja. Maiti haisemi. Maiti ikisema neno moja, kila mtu hubeba rambirambi yake akarudi nayo kwake."

"Sisemi," akasema Kiboko. "Kwa matikiti? Sisemi!"

Asubuhi pembe ikalia, puuuu! Mbiu ikapita bonde zima: Mkuu amefariki! Mkuu amefariki! Nyumbu akaja na mzigo wa majani. Ngiri akaja na viazi. Pundamilia akaja na matikiti, na pundamilia mwingine na matikiti zaidi. Rundo likapanda mpaka likafika usawa wa bega la twiga. Kiboko alikuwa amelazwa kando ya shimo, amefunikwa majani ya mgomba tangu kichwa hadi mkia, na chini ya majani pua yake ilinusa, fwi, fwi, ikihesabu kila kinachotuliwa.

Nguchiro akapanda juu ya tumbo la marehemu, akajitutumua, akapanua kinywa chake kidogo, akasema kwa sauti nzito: "Bado kidogo! Vita ni vita! Kazeni mikanda!"

Watu wakacheka wakiwa wanalia. Halafu Nguchiro akaimba wimbo wa maombolezo, na katika kuimba kwake hapakuwa na mzaha tena:

*Lala mkuu wa kutamba,*
*mwenye mwili kama mwamba;*
*chumvi nani atalamba*
*wewe ukisha kuzikwa?*

*Nani vita atalinda,*
*amani isije shinda?*
*Nani amwite Kitinda*
*na mkuki akavikwa?*

Walioelewa waliinamisha macho. Wasioelewa walipiga makofi.

Kisha Nguchiro akashika pembe akaipuliza kuelekea Jabali la Chumvi, puuuu!

"Enyi watu! Desturi yetu mnaijua. Kabla udongo haujaingia, mwenye haki yake kwa marehemu na aseme, tumtimizie au amsamehe. Asiyesema kabla ya udongo, haki yake imezikwa pamoja naye!"

Kobe akajikokota mbele. "Alinikanyaga mwaka juzi, gamba likapata ufa. Nimemsamehe."

"Kobe kasamehe! Mwingine?"

Ngiri akasema, "Alilala juu ya shamba langu. Nimemsamehe. Ila viazi nilivyoleta leo vinaniuma."

"Ngiri kasamehe nusu! Mwingine?"

Vuuu... pwaa! Tumbusi akatua katikati ya waombolezaji, vumbi likatimka. Alikuwa anahema. Kilemba chake kilikuwa kimekwenda upande.

"Nina haki!" akapiga kelele. "Msifukie! Mimi mgeni wenu, nina haki kwa marehemu!"

"Pole na msiba, Bwana Tumbusi," akasema Nguchiro kwa upole. "Haki gani tena? Wewe si ulisema hutaki kitu?"

"Jabali! Nusu langu, nusu lake, na tulikubaliana mdomo kwa mdomo mateteni. Sasa warithi wake wanithibitishie hapa hapa. Mimi nimeweka mikuki yangu!"

Watu wakanong'ona. Nusu lake? Lake nani?

Majani ya mgomba yakatikisika. Sikio moja likachomoza, likapigapiga, pa-pa-pa, likarudi ndani.

"Msiogope," akasema Nguchiro. "Maiti ya mnene hutoa upepo. Na makubaliano hayo, Bwana Tumbusi, ni ya muda gani?"

"Muda wote wa vita! Ndivyo tulivyosema. Vita vikiendelea, jabali ni letu. Vita vikiisha, linarudi kwenu. Naye alikuwa mshirika mwaminifu, nawaambia, sijaona kama yeye katika nchi zote nilizowekeza! Mwajua Mbwa Mwitu walipoleta jani la isale?"

Watu wote wakageuka kumtazama. Kwa maana isale kwetu si jani tu. Ni jani la kuombea msamaha. Likiletwa mlangoni, hata kama umeuliwa baba, unalipokea. Hakuna anayelikataa, na hakuna aliyepata kusikia kwamba limekataliwa.

"Jani lipi la isale?" akauliza Nyumbu.

"Walilileta wenyewe, mikia chini. Wanataka amani. Nami nilikuwepo. Nikamwambia, ndugu yangu, ukilipokea hili, jabali limekwenda. Hakusita! Alilichukua akalitia kinywani, akalitafuna mbele yangu, nyam, nyam, akameza. Huo ndio uaminifu! Kwa mtu wa namna hiyo, nanyi mtaninyima haki yangu?"

Bi Digidigi akasogea. Watu wakampisha bila kuambiwa.

"Baba mwekezaji," akasema, "jani hilo lililetwa lini?"

"Mama, siku nyingi. Kiangazi kilichopita."

"Kabla ya masika?"

"Kabla ya masika."

"Mto haujajaa?"

"Mto haujajaa, mama. Walivuka kwa miguu."

Bi Digidigi hakuuliza tena. Kwato na Wepesi walikufa katika masika, mto umejaa, wakati amani ilikuwa imekwisha kutafunwa na kuwa mavi mtoni. Nasema hivyo hivyo, mavi, wala siombi radhi. Lipo neno la heshima kwa jambo hili? Anayelijua anitafutie.

Akageukia majani ya mgomba.

"Marehemu," akasema, "una la kujibu?"

Na Kiboko, huko chini, alikuwa na la kujibu! Alikuwa na hotuba nzima! Lakini pua yake ilinusa rundo la matikiti, naye akasema moyoni: nikisema tu, wanabeba. Ngoja. Bado kidogo.

Akanyamaza.

"Marehemu hana la kujibu," akasema Nguchiro. "Azikwe."

Nyumbu kumi wakamsukuma, krrr, krrr, puu! Akaanguka shimoni, nalo lilimtosha sawasawa. Bi Digidigi akatupa udongo wa kwanza kwa kwato zake za mbele: cha! Kiboko akanyamaza. Ngiri akatupa kwa pua: cha! Kiboko akanyamaza. Kisha bonde zima likageuka likatupa kwa miguu ya nyuma: cha! cha! cha! cha! Udongo ukamwingia puani, ukamwingia kinywani ulimopita isale, na ndipo akaruka, fuuuu!

"Ngojeni! Mimi ni mzima!"

Nguchiro akatega sikio. "Jamani, mnasikia kitu?"

"Mimi sisikii," akasema Kobe.

"Mimi nasikia upepo," akasema Ngiri.

"Ni mimi! Mkuu wenu!"

"Mkuu wetu amefariki," akasema Bi Digidigi, akitazama mahali ambapo Kiboko alikuwa amesimama, kana kwamba hapana kitu. "Tumemlilia, tumemletea rambirambi. Mgeni wake mwenyewe amekuja kudai. Mtu hadaiwi haki kaburini akiwa hai."

Kiboko akapanua mdomo, kwaaa! Hakukimbia hata panya. Akamwendea Nyumbu, Nyumbu akampa mgongo. Akamwendea Pundamilia, Pundamilia akampa mgongo. Akamwendea mtani wake.

"Mtani, niokoe! Waambie ni utani!"

"Utani nilimfanyia mtani wangu alipokuwa hai," akasema Nguchiro. "Kwa mzimu sina utani."

Akakimbia mtoni, chubwi! Mpaka leo kiboko hushinda majini mchana kutwa, ametoa macho na masikio tu, akisikiliza kama watu wamesahau. Hawajasahau.

Tumbusi alijaribu kupaa. Lakini akina mama ambao maziwa yao yalikauka walikuwa wamemzunguka, nao hawakumpiga. Walimnyonyoa. Nyoo, kwa mwana wangu! Nyoo, kwa mwana wangu! Manyoya yote ya kichwa na shingo yakaisha kabla akina mama hawajaisha. Aliporuka alikuwa na upara mwekundu, ndio huo alionao. Akaenda nchi nyingine. Huko nako moyo ukamuuma.

Rambirambi Nguchiro alizidai zote kwa haki ya mtani, akamrudishia kila mtu mzigo wake. Matikiti mawili yalipotea. Msimuulize.

Na Kitinda? Siku ile aliyoitwa kivukoni, alikwenda. Mkuki aliuacha kwa mama yake. Kinywani alibeba jani la isale.

Katikati ya kivuko akatoka Mbwa Mwitu mzee wa kike, sikio lake moja limekatika. Akalitazama jani kwa muda.

"Mmechelewa," akasema. "La kwetu mlilipeleka wapi?"

"Lililiwa, bibi."

"Na nani?"

"Na mkuu wetu."

Yule mzee akacheka kwa sauti. "Mimi nimepoteza wanne mto huu," akasema. "Sisi nasi tuna mkuu wetu. Kila tukimuuliza, anasema bado kidogo. Naye midomo yake, siku hizi, ni myeupe."

Kitinda akaliweka jani miguuni pake.

"Basi mchimbieni," akasema. "Mchimbieni lake."

Wakachimba. Ndivyo vita vilivyoisha, wala hakuna baraza lililotangaza.

Lile shimo la bondeni halikufukiwa. Lipo mbele ya baraza hadi leo. Anayetaka kuwa mkuu hulazwa humo kwanza, akafunikwa majani ya mgomba, na bonde zima husimama ukingoni. Ndipo Bi Digidigi, au binti wa Kitinda, husogea na kuuliza: "Mwenye haki kwa huyu na aseme, udongo uko karibu." Wengi waliotaka ukuu walipoliona shimo walikumbuka kwamba wana kazi nyumbani.

Na fundisho la hadithi yangu? Nimeambiwa lazima liwepo. Basi shikeni, watoto wema. Marehemu hasemwi vibaya. Mgeni hafukuzwi, hasa akiwa ametuonea huruma. Mkubwa akiwa na kitu mdomoni, si adabu kumuuliza anatafuna nini. Wala msimchimbie kaburi mtu aliye hai: ni ukatili, ni ushamba, ni kukosa subira. Mngojeeni tu. Bado kidogo.

Ngano yangu imefika ukingoni. Aliyeipenda na aibebe. Aliyechukia na anitupie udongo.
— Mwenye haki na aseme!
Nimesema.